Laini ya Lambert

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Simu ya mama imetoa tangazo leo. Limetokea katikati ya kioo, juu kabisa ya ufa. Kuanzia mwaka mpya, WhatsApp haitafanya kazi tena kwenye simu hii.

Mama alinipa nimsomee. Nikasoma. Akasema nisome tena, pengine nimekosea. Sikukosea.

"Simu haijaharibika," akasema. "Sasa kwa nini waifukuze?"

Nikamweleza kwamba simu ni ya zamani, kwamba programu zinakua na simu hazikui. Hakunisikiliza. Aliifuta kwa ncha ya kitenge akairudisha kifuani. Huko ndiko inakokaa. Akishona iko kifuani, akipika iko kifuani, akioga iko kwenye ukingo wa beseni ndani ya mfuko wa plastiki.

Nina miaka kumi na tano. Nilikuwa na sita tulipokwenda Pretoria, mimi na baba na mama, kuhojiwa ili sisi wakimbizi tupelekwe nchi ya tatu. Mwanamke mwenye miwani aliandika namba ya mama kwenye faili letu akasema: mtapigiwa. Basi. Tangu siku hiyo mama hajawahi kuizima simu. Na hajawahi kununua kitu ambacho hakiingii kwenye begi.

Nimeandika mengi. Mwalimu Nkatha wa Kiswahili alisema tuandike sentensi fupi.


Jumatano, 27 Novemba

Mtihani wa mwisho umekwisha! Hesabu ilikuwa nzuri, naogopa kusema nzuri sana.

Nilipotoka shule nilipita kwa Khatibu, fundi simu. Kibanda chake kimeshikana ukuta na chumba anachoshonea mama, hapa Rockey Street, Johannesburg. Khatibu ni mtu wa Tanga, anaongea huku ana bisibisi mdomoni. Nikamuuliza simu gani ingemfaa mama. Akacheka. Alisema simu ni kama ndala, usingoje ikukatikie barabarani. Akasema amemwambia mama, anayemwita "shangazi", hivyo tangu mwaka juzi, na shangazi akamjibu kwamba ndala inayokatika hushonwa.

Betri ya simu ya mama imevimba. Khatibu anasema mfuniko wa nyuma umebinuka kama kifuniko cha sufuria ya ugali. Ipo siku itazima na haitawaka.

Nimeanza kulinganisha. Betri kubwa. Kamera safi, kwa sababu wateja wanatuma picha za mishono. Isiwe ya mtumba, Khatibu mwenyewe anasema nyingi zimefungiwa, unanunua kioo cha kujitazamia. Isiwe ya gharama, maana ukiitoa barabarani unaporwa. Naona raha kulinganisha. Ni kama tayari tumenunua.


Jumamosi, 30 Novemba

Nimemwambia mama. Nilijiandaa kama ninatoa hotuba darasani.

Nikamweleza kuhusu lay-by. Unachagua simu dukani, wanaiweka kando kwa jina lako, unalipa kidogo kila mwezi, ukimaliza unaichukua. Huhitaji benki. Wanakubali karatasi yetu ya ukimbizi. Nusu ya watu wa jengo letu wamenunua hivyo friji na vitanda.

Mama alikuwa anapinda ukosi. Hakuinua kichwa.

"Lay-by ni ya watu wanaokaa."

Nikasema, mama, ni miezi michache tu.

"Na tukiitwa mwezi wa pili? Simu ibaki dukani na sisi tuko angani?"

Mama Héritière, anayesuka nywele upande wa mbele wa chumba hichohicho, alicheka mpaka mteja wake akalalamika kwamba anamvuta. "Weye Goreth! Unaikalaka sawa mutu iko ku gare anangoja train! Train gani iyo, maman? Rails iko wapi?"

Gare kwake ni stesheni ya treni. Mama alitabasamu kidogo, kwa adabu. Kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu ili sauti zetu zipotee.


Jumanne, 10 Desemba

Namba ya 012 imepiga leo. Hiyo ni Pretoria. Mama alitoka chumbani akikimbia, uzi ulio mkononi ukiwa bado umeshikana na sketi ya mteja, sketi ikamfuata mpaka barabarani. Akasimama kando ya robot, zile taa za barabarani, kidole kwenye sikio moja, rangi zinabadilika, magari yanapiga honi.

Aliyepiga alikuwa mtu anayeuza bima ya mazishi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Kisha akarudi akaanza kutafuta mahali uzi ulipokatikia.


Jumanne, 31 Desemba

Baba amepata ruhusa, hayuko zamu. Analinda ghala kule Kew na kwa kawaida hatumwoni sikukuu. Tumekula wali na maharage na samaki mmoja mkubwa.

Baada ya chakula mama aliketi akasikiliza sauti zote za Lambert kwenye WhatsApp, moja baada ya nyingine, kwa sababu kesho hatazisikia tena. Lambert alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongomani, mtu wa kucheka sana. Tulihojiwa naye Pretoria wiki ileile. Yeye walimpigia. Sasa yuko Kanada, mji unaitwa Winnipeg, anatutumia picha za gari lake likiwa limefunikwa na theluji hata huoni kama ni gari.

Laini ya mama ni ya Lambert. Maana yake ilisajiliwa kwa jina lake. Wakati ule karatasi za baba na mama zilikuwa zimepitwa na muda, duka likawakatalia, Lambert akatoa yake akasema andikeni hii. Mama huwa anasema Lambert ametangulia kutuandalia. Baba huwa hasemi kitu.

Leo alisema. Alisema, "Goreth, hata Lambert amebadilisha simu."


Jumatano, 8 Januari 2025

Sasa wateja wanatuma picha za mishono kwa Mama Héritière, naye anamwonyesha mama. Mama Héritière ana roho nzuri lakini ana vidole vya mafuta ya nywele na kioo chake hakionekani. Leo mama amekata mikono ya gauni kuwa mipana, kumbe kwenye picha ilikuwa ya kubana. Kitenge cha watu, kilichotoka Lubumbashi! Hakuna kingine kama hicho Johannesburg nzima.

Yule mteja hakugomba. Alichukua kitambaa chake akasema atajaribu kwa Thérèse, yule fundi wa ghorofa ya juu mwenye simu nzuri. Afadhali angegomba.


Jumatano, 15 Januari

Shule imefunguliwa. Grade 10! Mwalimu wa hesabu ametuambia mazoezi yote yatakuwa yanatumwa kwenye kundi la darasa. Akauliza nani hana WhatsApp nyumbani. Sikuinua mkono. Sijui kwa nini sikuinua.


Jumapili, 19 Januari

Imetokea bahati, na imenichosha.

Baada ya ibada, Mwalimu Nkatha aliniita pembeni. Ni Mkenya, anafundisha chuo kikuu, na Jumamosi anatufundisha Kiswahili sisi watoto wa kanisa, maana anasema tunakijua kwa masikio tu. Amesikia habari ya simu, sijui kutoka kwa nani. Akasema yeye yuko kwenye mkataba wa simu, na mwezi wa nane atakuwa amefikisha muda wa kupewa simu mpya. Hii ya sasa haina hata mkwaruzo. Atatupatia bure.

Alimwambia na mama, kwa heshima sana, mikono miwili imeshika ya mama. "Mama Annick, ni ya kwenu. Mvumilie tu mpaka Agosti."

Mama alishukuru. Alishukuru mara nyingi, akainama kidogo kama anavyofanya kwa mchungaji. Tulirudi kwa miguu, Rockey Street yote. Nikawa nafikiria: Agosti. Nitaandika mazoezi kutoka kwa daftari la Exaucé wa darasa langu mpaka Agosti. Mama ataweza. Mama anajua kungoja kuliko mtu yeyote ninayemjua.


Jumamosi, 25 Januari

Sitaweza kuandika kwa sentensi fupi leo.

Asubuhi mama alinambia nivae viatu. Sikujua tunakwenda wapi. Tulikwenda mjini, kwenye lile duka kubwa linalouza kila kitu, akasimama mbele ya kabati la vioo la simu na mkoba ameukumbatia. Akasema, "Ile uliyosema wewe ni ipi?"

Nilishindwa kusema! Nilikuwa nimelinganisha miezi miwili na sasa zote zilionekana sawa. Dada wa duka akaja, ana kucha za rangi ya machungwa, akaanza kutuonyesha ile yenye kamera nne. Akasema kwa Kizulu, nikamtafsiria mama, kwamba hii inapiga picha hata gizani. Mama akauliza gizani kuna nini cha kupigwa picha. Yule dada alielewa bila tafsiri, akacheka.

Nikachagua ile nyeusi ya kawaida. Betri inakaa siku mbili. Kioo kipana cha kuonea mishono. Kamera moja inatosha, na nyuma haitelezi. Nikaeleza yote. Mama akasikiliza kama anavyowasikiliza wateja, macho yamefinywa, kisha akauliza swali moja tu.

"Inaita kwa sauti?"

Dada wa duka akauchezesha mlio wake. Ililia mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka.

Kisha dada wa duka akauliza lile la malipo. Unataka kumaliza mwezi gani? Nikamtazama mama. Nilijua atasema tutarudi. Nimeishi naye, namjua. Alihesabu kwa vidole juu ya kioo cha kabati, polepole, midomo ikitembea. Akasema: "Mwezi wa tano, mwisho."

Mwezi wa tano! Alisema kama mtu anayejua atakuwa wapi mwezi wa tano.

Tuliporudi nilimuuliza, na simu ya Mwalimu Nkatha? Akajibu bila hasira. Akasema Mwalimu ni mtu mwema na Mungu ambariki. "Lakini mwanangu, nimechoka. Kuwangoja wale wa Pretoria kunatosha. Siwezi kungoja mahali pawili."


Alhamisi, 13 Februari

Hakuna jipya. Mvua. Mama amelipa. Amepoteza mteja mwingine, akampata mmoja asiyehitaji picha, bibi mmoja Mrundi anayechora gauni lake hewani kwa mikono.


Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda mwenyewe kuitazama simu. Haikuwa kabatini. Kumbe wanaiweka stoo, ndani ya boksi, na karatasi yenye jina la mama. Yule dada wa kucha alikubali kunionyesha boksi tu. GORETH N., herufi kubwa. Sijawahi kuona jina la mama kwenye kitu kipya.


Jumatano, 19 Machi

Baba na mama wameongea alfajiri baba aliporudi kazini. Walidhani nimelala.

Baba alisema simu mpya ikija, wakati ni huo wa kuachana na habari ya Pretoria. Kwamba Annick atamaliza shule hapa. Kwamba yeye ameacha kuota kwamba yuko kwenye ndege, sasa anaota ghala tu.

Mama alisema faili lipo. Namba ipo kwenye faili. "Siwafuatilii. Sitaki wao wakipiga wasinikute. Hilo tu, Ildephonse. Wanikute."


Jumamosi, 12 Aprili

Mama amelipa. Ana kikohozi. Anashona sare za kwaya, nyingi, zote rangi moja, macho yanamuuma.


Jumamosi, 31 Mei

Tumeichukua!

Na nimefanya kosa.

Tuliifungua nyumbani, mezani, mama amekwisha kunawa mikono. Baba hakwenda kulala, alikaa na koti lake la kazini. Plastiki ilitolewa taratibu. Ilikuwa nzuri. Nyeusi, baridi, inanuka upya. Mama akasema, haya, hamisha laini.

Nilifungua simu ya zamani. Laini ya Lambert imekaa humo tangu siku ilipowekwa, imeacha alama yake pale. Nikaitoa. Nikavuta kitrei cha laini cha simu mpya. Nikaiweka.

Haikuingia. Laini ni kubwa, nafasi ni ndogo. Simu za siku hizi zinatumia laini ndogo zaidi. Nililinganisha betri, kamera, kioo, kumbukumbu. Miezi na miezi! Sikutazama mahali laini inapoingia. Hilo tu ndilo mama alilolihitaji na sikulitazama.

Nililia. Mama hakunikemea. Alirudisha laini kwenye simu ya zamani haraka, akangoja mpaka ikawaka na alama za mtandao zikarudi. Ndipo akasema, "Nyamaza. Itabadilishwa tu. Kila kitu kinabadilishwa."


Jumatatu, 2 Juni

Haibadilishwi.

Tulikwenda duka la mtandao baada ya shule. Kijana wa pale alikuwa mpole. Kubadilisha laini kubwa kwa ndogo ni bure, ni kazi ya dakika, lakini mwenye laini awepo na kitambulisho chake. Akaangalia kompyuta. Akauliza, Lambert yuko wapi?

Mama alisema, "Kanada."

Kijana akasema basi aje. Kisha akaona uso wa mama akasema samahani. Alitupa laini mpya, na safari hii karatasi ya mama ilikubaliwa. Iko kwa jina lake. Namba mpya, nzuri, rahisi kuikumbuka. Mama hakuitazama.

Nimemtumia Lambert ujumbe kwa simu mpya, kumwomba ile karatasi yake. Nimewaandikia pia wale wa Pretoria barua pepe, kwa Kiingereza changu kizuri kabisa, kwamba namba yetu imebadilika. Jibu likaja hapohapo: tumepokea, asante. Si mtu, ni mashine. Baba alisema na yeye aliwahi kuandika, na mashine hiyohiyo ilimshukuru.


Alhamisi, 5 Juni

Lambert amejibu kwa sauti. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Alisema, maman Goreth, ile karatasi ya Afrika Kusini niliitupa ku poubelle ya aéroport, pipa la takataka la uwanja wa ndege, nilikuwa na furaha sana. Unisamehe. Akauliza, kwani bado munangoja?

Nilitaka kuikata sauti pale kabla mama hajalisikia swali. Nilichelewa.


Jumapili, 8 Juni

Mama anabeba simu mbili. Ya zamani kifuani. Mpya mfukoni mwa aproni. Mpya inalia mchana kutwa, inaita kwa sauti kweli! Picha zinaingia safi. Yule mteja wa kitenge cha Lubumbashi amerudi, akaeleza kwamba Thérèse hajui kupinda. Mazoezi ya hesabu nayapata siku ileile.

Ya zamani hailii. Inachomekwa kwenye chaji, inachomolewa, inachomekwa.


Jumatano, 11 Juni

Imezima. Mchana, kifuani mwa mama, akiwa anapima mteja kiuno. Alihisi joto, akaitoa, ikazima mikononi mwake. Khatibu ameifungua. Anasema betri imeivimbia na kuiua. Anasema ameiona siku hii inakuja kwa miguu yake.

Laini ni nzima. Mama ameifunga kwenye kipande cha kitambaa cheupe akakipiga fundo.


Jumamosi, 14 Juni

Ninaandika haya hapa kwa Khatibu, juu ya kiti chake cha wateja, daftari limelala magotini. Baridi kali, nimevaa jezi mbili za sufu.

Asubuhi mama aliniita twende wote. Akaweka kile kitambaa juu ya meza, akafungua fundo. Khatibu akaitazama laini bila kuigusa.

"Shangazi, kuna njia mbili. Nunua kitochi hapa kwangu, kile cha vibonyezo, laini kubwa inaingia bila shida. Unakiweka tu, kinangoja. Laini yako mpya inaendelea na maisha kwenye simu yako."

"Na ya pili?"

"Ya pili niikate. Simu yako ina nafasi ya laini mbili. Lakini nisikudanganye. Hii ni ya zamani, chuma chake ni kipana, makali ya kikatio yanapita ukingoni mwa chuma chenyewe. Nyingi zinapona. Si zote."

Mimi nilisema kitochi. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu. Kitochi, mama, kitochi ni salama. Mama Héritière alikuwa amekwisha kuchungulia mlangoni, kitana kimechomekwa kichwani mwake mwenyewe. Na yeye akasema, "Kamata kitochi, Goreth. Usikate laini ya mutu."

Mama alikuwa ameishika ile simu mpya. Iliita, mteja, akaizima mlio bila kuitazama.

"Simu moja ya kuishi na moja ya kungoja," akasema. "Nimebeba mbili wiki hii. Nimeona. Ile ya kungoja ndiyo niliyokuwa naishika."

Khatibu akasema, basi nikate?

"Lete hicho kidude."

Kikatio chake ni kama stapla nene. Khatibu alikishikilia akasema, shangazi, ni kazi yangu hii, mkono ukicheza umekwisha. Mama akanyoosha kiganja. "Nimekata hariri ya bibi harusi bila kuchora chaki. Mkono wangu hauchezi. Na ikifa, iwe ni mimi."

Hapo nikaelewa, nikaacha kusema kitochi.

Alivaa miwani yake ya kushonea. Aliisogeza laini ndani ya kikatio kwa ncha ya kucha, akaitazama upande huu, akaitazama upande ule, akairudisha nyuma kidogo, kidogo tena. Khatibu alishika pumzi hata bisibisi mdomoni mwake ikatulia. Mama Héritière alifumba macho. Mama alisema kitu kwa Kirundi, cha chini, sikukisikia. Akabana.

Mlio mdogo tu. Kama kung'ata punje ya mchele iliyo ngumu.

Vipande vya pembeni vilianguka mezani. Kwenye kimoja kulikuwa na uzi mwembamba wa rangi ya dhahabu, wa kile chuma. Sote tuliuona.

Khatibu alisugua kingo kwa msasa, akaiweka kwenye kitrei. Iliingia. Akasukuma. Simu ikatambua kwamba kuna kitu. Laini ya kwanza: ya mama, alama zote zimejaa. Laini ya pili: inatafuta.

Mama alitazama lile neno. Akavua miwani.

"Annick, kaa nayo hapa. Ikishika mtandao, niite."

Nikauliza, na isiposhika?

"Isiposhika usiniite kwanza. Niache nimalize lile gauni."

Akaenda. Mama Héritière akamfuata, akimwambia kitu kuhusu chai. Khatibu ana mteja mwingine sasa, anamweleza habari ya kioo kilichopasuka, lakini jicho lake moja liko kwangu.

Bado inatafuta. Kile kiduara kinazunguka, kinasimama, kinazunguka. Nimeizima na kuiwasha mara moja kama Khatibu alivyosema. Khatibu anasema laini za zamani huwa nzito kuamka. Anasema tusiwe na haraka. Sijui kama anaamini au ananihurumia.

Nasikia cherehani ya mama kupitia ukutani. Anashona moja kwa moja, bila kupumzika, pindo refu.

Inatafuta.

Cherehani imenyamaza. Sijamwita.